Masazo ya Shamba ni ya Nani?



Kijana mwenzangu, mwezi wa saba ukifika huku kwetu Iyula, mahindi mengi yameshaingia ndani. Shambani yamebaki mabua makavu. Nyuma ya nyumba kuna marundo ya magunzi. Na kwenye mitambo ya kumenyea kahawa mbivu kuna vilima vya maganda mekundu ambayo baada ya siku mbili tatu yanakuwa meusi na kuanza kunuka uchachu. Sisi tuliozaliwa Mbozi tumeyaona haya tangu utotoni, na jina tunaloyapa ni moja tu: taka.

Sasa kwenye kikao chetu cha vijana kijana mmoja anayesoma kemia chuoni alituletea habari. Alisema hizo taka zinaweza kugeuzwa kuwa ethanoli, yaani mafuta ya kuendeshea gari na kupikia. Vijana tukachangamka. Mwingine akaanza kupiga hesabu ya hela palepale. Ndipo mama mlezi wetu, ambaye alikuwa kimya muda wote, akauliza, "Wanangu, na ng'ombe wangu atakula nini?"

Tulicheka. Lakini nikirudi nyumbani nilijikuta naliwaza swali lile, na kadiri ninavyoliwaza naona si la kuchekesha hata kidogo. Ni swali la haki, na Neno la Mungu lina mengi ya kusema juu yake. Naomba tulitafakari pamoja.

Kwanza tuelewane: ethanoli ni nini?

Ethanoli ndiyo hiyo hiyo spiriti. Ndiyo iliyomo kwenye komoni, na ndiyo inayovunwa kwenye gongo. Hamira inakula sukari, inatoa ethanoli na hewa ya ukaa. Kisha unachemsha, unakusanya mvuke, unaupoza. Tofauti ya kinywaji na mafuta ni usafi, na zile dawa chungu zinazochanganywa makusudi ili mtu asiinywe.

Kutumia masazo kwa kazi hii si ndoto. Jirani zetu wa Malawi, hapo ng'ambo ya mto Songwe, wanatengeneza ethanoli huko Dwangwa, kando ya Ziwa Nyasa, tangu mwaka 1982. Wanatumia molasi, ile shira nyeusi inayobaki sukari ikishatolewa kwenye miwa, na ethanoli yake huchanganywa na petroli. Nchi isiyo na bahari, inayoletewa kila lita ya mafuta kwa njia ndefu, iliona ina kitu mkononi ikakitumia. Hata hapa nchini, Kilombero, molasi inageuzwa kuwa spiriti.

Kwa mabua kazi ni ngumu zaidi. Sukari ya kwenye bua imefungwa ndani ya nyuzi ngumu, na lazima uzivunje kwa joto, kwa asidi au kwa vimeng'enya kabla hamira haijapata cha kula. Huko Emmetsburg, jimbo la Iowa nchini Marekani, mwaka 2014 kilifunguliwa kiwanda kikubwa cha kutengeneza ethanoli kwa magunzi, majani na mabua ya mahindi. Miaka michache baadaye uzalishaji huo ukasimamishwa. Kwa hiyo akija mtu akakwambia mabua ni dhahabu ya haraka haraka, msikilize kwa heshima, lakini usiuze ng'ombe.

Hata hivyo, ugumu wa teknolojia leo si jibu la swali la mama. Mitambo inaboreshwa kila mwaka. Tuseme kesho lori linaingia kijijini na kutoa shilingi kadhaa kwa kila mzigo wa mabua. Je, mabua yale ni ya nani?

Masazo katika Biblia

Wengi tungejibu bila kuwaza: ya mwenye shamba, bwana! Nimelima mimi, nimepalilia mimi, mbolea nimenunua mimi.

Fungua Mambo ya Walawi 19:9-10. Mungu anawaambia Waisraeli wakivuna wasimalize mpaka pembeni mwa shamba, wala wasirudi kuokota kilichodondoka. Hivyo ni vya maskini na mgeni. Kumbukumbu la Torati 24:19-21 inakwenda mbali zaidi: hata mganda uliousahau shambani, usirudi kuuchukua. Ni wa mgeni, yatima na mjane.

Angalia vizuri hapo. Mungu hasemi, "Vuna vyote, kisha ukijisikia vizuri uwape maskini kidogo." Anasema kile kinachobaki tangu mwanzo si chako peke yako. Maskini hasubiri mlangoni kwako na bakuli, anaingia shambani mwenyewe, kichwa juu, kwa sababu ana haki yake humo. Ruthu aliingia hivyo katika shamba la Boazi, mgeni na mjane, akaokota masuke. Na Boazi, soma Ruthu 2:16, aliwaagiza vijana wake wachomoe masuke kutoka katika miganda na kuyaacha makusudi. Makusudi! Mavuno yake yalipungua kidogo kwa amri yake mwenyewe. Na kutokana na yule mwokota masazo akazaliwa babu yake Daudi, na katika ukoo wa Daudi akazaliwa Bwana wetu.

Kanisa halikuacha mafundisho haya katika Agano la Kale. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba mtu anaweza kumiliki mali na kuisimamia, lakini katika kuitumia aione kama ya wote, awe tayari kuwashirikisha wenye shida. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kuanzia namba 2402, inaeleza kwamba mali za dunia zimekusudiwa kwa ajili ya wanadamu wote, na kwamba haki ya kumiliki haifuti kusudi hilo la kwanza.

Huwa tunampelekea Mungu gunia la mavuno altareni, tunaimba, tunacheza, na ni vizuri sana. Lakini ukisoma Walawi unaona kwamba Mungu huyo huyo anauliza pia habari za suke la mwisho.

Wenye masazo hapa Iyula

Tuje nyumbani. Nikitembea mashambani baada ya mavuno nawaona wenye haki watatu, na hakuna hata mmoja mwenye hati.

Wa kwanza ni udongo. Udongo hauna mdomo, ndiyo maana unadhulumiwa kirahisi. Sehemu kubwa ya potasiamu ambayo muhindi umeifyonza ardhini inabaki kwenye bua, haiendi kwenye punje. Ukiondoa mabua yote mwaka hadi mwaka, unaiondoa rutuba pamoja nayo, na ardhi inabaki tupu kwenye mvua za kwanza za Novemba, inachukuliwa na maji. Watoto wako watalima mchanga.

Wa pili ni mnyama. Kwa desturi yetu, mahindi yakishatolewa, ng'ombe na mbuzi wanaingia kwenye mabua, na si ya mwenye shamba tu. Mtu asiye na ardhi ya maana lakini ana ng'ombe wawili anapita nao hapa na pale, na hakuna anayemkemea. Hiyo ni sheria ya Walawi inayotekelezwa na watu ambao pengine hawajawahi kuifungua. Sasa, bua likipata bei, nini kitatokea? Litapata na uzio. Yule aliyekuwa anapitisha ng'ombe wake kwa salamu tu ataitwa mwizi.

Wa tatu ni mama. Wapo akina mama, wengi wao wajane, wanaookota mahindi yaliyodondoka na kuchukua magunzi ya kuwashia moto. Kwao gunzi ni kuni ambayo hawakuifuata mbali. Ukiyanunua magunzi yote kwa ajili ya kiwanda cha nishati safi, mama huyo unampeleka wapi? Unampeleka msituni na panga.

Ndiyo maana naliogopa neno "taka". Ukishakiita kitu taka umeshasema hakina mwenyewe, na kinachofuata ni kuchukuliwa. Katika miaka ya 2000 makampuni ya kigeni yalikuja Tanzania kutafuta mashamba ya mafuta ya mimea. Bagamoyo kampuni ya Sweden ilitaka kulima miwa ya ethanoli kwenye maelfu ya hekta. Ikajiondoa mwaka 2009. Kisarawe vijiji vilitoa ardhi kwa mradi wa mibono, na mwaka 2011 kazi ikasimama. Ardhi za namna hii mara nyingi huitwa ardhi isiyotumika. Lakini wanavijiji wa Kisarawe walikuwa wanaitumia: kuni, dawa za miti shamba, maji. Matumizi yao hayakuwa kwenye karatasi, basi yakahesabiwa kama hayapo.

Waraka wa Baba Mtakatifu Fransisko, Laudato Si', wa mwaka 2015, namba 22, unazungumzia utamaduni wa kutupa. Unatukumbusha kwamba katika uumbaji mabaki ya kiumbe kimoja ni chakula cha kingine. Kwa lugha ya kwetu: porini hakuna jalala.

Lakini tusiwe wepesi wa kukataa

Hapa nataka kuwa mkweli kwa upande wa pili, kwa sababu hoja zake zina uzito.

Tuseme ukweli, mabua mengi hayaendi kwa udongo, wala kwa ng'ombe, wala kwa mama. Yanachomwa moto. Mtu anataka kusafisha shamba haraka, anawasha kiberiti, na jioni bonde zima ni moshi. Ukiniuliza kati ya bua lililochomwa bure na bua lililogeuzwa mafuta lipi ni bora, sina hata haja ya kufikiri.

Halafu kuna jiko. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani unaua mamilioni ya watu kila mwaka duniani, na wanaouvuta zaidi ni wanawake na watoto. Ukitaka kuelewa hesabu hiyo, kaa na bibi yako jikoni nusu saa wakati wa masika, kuni zikiwa mbichi. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Jiko la ethanoli ni mojawapo ya njia za kufika huko. Kumpinga anayetaka kumwondolea bibi moshi, eti kwa jina la mazingira, nako ni ukosefu wa upendo.

Na kuna suala la chakula. Marekani zaidi ya theluthi moja ya mahindi yake inaingia kwenye viwanda vya ethanoli. Mwaka 2007, bei za vyakula zilipokuwa zinapanda duniani, Jean Ziegler, aliyekuwa mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa haki ya chakula, alitaka dunia isimame kwa miaka 5 isigeuze chakula kuwa mafuta, na akataja masazo ya mazao kama njia mbadala. Kama lazima tuwe na mafuta ya mimea, basi bua kuliko punje.

Hivyo tufanyeje? Mama ana ng'ombe wake, bibi ana macho yake yanayochuruzika kwa moshi. Wote wawili ni wetu.

Vikapu kumi na viwili

Mimi nilipata mwanga katika Injili ya Yohane sura ya 6. Yesu amelisha watu 5,000. Katika aya ya 12 anawaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia, kisipotee hata kimoja. Wakajaza vikapu 12.

Kumbe Yesu mwenyewe ni mtu wa kukusanya masazo! Hapendi kitu kipotee. Anayechoma mabua bure au kuacha maganda ya kahawa yachafue mto hana wa kumtetea hapo.

Lakini tazama Yesu alisema hivyo lini. Alisema watu walipokwisha kushiba. Vikapu havikutangulia. Hakuwaambia wanafunzi wazunguke wakitoa vipande mikononi mwa watu ambao bado wanakula, ili vikapu vijae haraka. Kwanza washibe, ndipo vikusanywe.

Nadhani hilo ndilo jibu la swali letu. Kutengeneza mafuta kutokana na masazo ni jambo jema, na linaweza hata kuwa tendo la shukrani, ikiwa wale wanaoishi kwa masazo wameshiba kwanza: udongo, mnyama, na maskini. Kinachobaki baada yao ndicho masazo kweli. Kabla ya hapo, unachokiita masazo bado ni chakula cha mtu.

Na Mungu ameweka uwezekano huo ndani ya kemia yenyewe. Ethanoli imeundwa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni tu, vitu ambavyo mmea ulivipata hewani na katika maji ya mvua kwa nguvu ya jua. Potasiamu, fosforasi na vingine vilivyotoka ardhini havitoki na mvuke. Vinabaki chini, kwenye machicha. Yaani unaweza kuchukua nguvu za jua ukazitia kwenye jiko, kisha ukaurudishia udongo kilicho chake, ingawa nyuzi za bua zilizoliwa na hamira hazirudi, ndiyo maana sehemu ya mabua lazima ibaki shambani. Lakini machicha hayarudi yenyewe. Kiwanda kikiwa karibu, mkokoteni unatosha. Lori likibeba mabua ya Iyula mpaka Dar es Salaam, nani atarudisha machicha kilomita zote hizo? Kwa hiyo swali "kiwanda kiko wapi?" nalo ni swali la haki.

Kwa mawazo yangu, kama vijana wa Iyula tungetaka kuanza kujifunza, tuanzie kwenye maganda ya kahawa. Ng'ombe hawayagombei. Mama hawezi kuyapikia. Yakilundikana mtamboni na maji yake yakaingia mtoni, yanamwonea jirani wa chini anayechota hapo. Yana sukari kidogo iliyo tayari, na yameshakusanyika mahali pamoja. Yakishatoa kilicho chake, kinachobaki bado kinaweza kuozeshwa kikarudi kwenye mibuni kama mbolea.

Ila tusidanganyane. Sukari yenyewe ni chache, na kuchemsha kunataka moto. Ukikata mti ili upate joto la kutengenezea "nishati safi", umeuzunguka mbuyu tu. Inawezekana kabisa mafundi wakapima na kusema maganda hayo yanafaa zaidi kwa gesi ya kupikia kuliko ethanoli. Basi iwe gesi. Hatuabudu ethanoli.

Na neno moja la kaka kwa wadogo zake: usijaribu haya jikoni kwenu. Mwali wa ethanoli karibu hauonekani mchana, unaweza kuungua kabla hujajua kuna moto. Na unajua vizuri mtambo ule wa nyuma ya nyumba ukishakamilika watu watauombea nini. Gongo imeshatuzikia vijana wa kutosha. Fanya na wenye ujuzi, kwa kibali, mchana kweupe.

Ya kwenda nayo wiki hii

Siku ikifika, lori likaingia au mradi ukaletwa kwenye mkutano wa kijiji, usiwe wa kwanza kuuliza bei. Simama kwa adabu, waamkie wazee, kisha uliza haya:

1. Mtatuachia kiasi gani cha mabua shambani kwa ajili ya udongo?
2. Machicha yatarudi, na yatarudishwa na nani?
3. Mwenye ng'ombe asiye na shamba amekaa kwenye mkutano huu? Ameulizwa?
4. Mama anayeokota magunzi atapikia nini kesho yake, na hayo mafuta atayamudu?

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu ni hii desturi ya kuacha mlango wa shamba wazi baada ya mavuno. Tukiiuza kwa bei ya mzigo wa mabua, hatutaipata tena sokoni.

Kwa kutafakari binafsi au kwenye jumuiya: Katika maisha yangu, ni kitu gani nakiita taka wakati kuna mtu anakitegemea? Nguo, chakula, muda wangu? Na nikipanga bajeti yangu, huwa naacha pembe ya shamba makusudi, kama Boazi, au navuna mpaka kwenye mpaka?

Azimio: kabla ya Dominika ijayo, tusichome mabua. Zungumza na mzazi wako kwa heshima, mwambie sababu. Kisha tafuta nyumba moja yenye mjane au mzee, upeleke mzigo wa magunzi bila kusubiri kuombwa.

Tusali

Ee Mungu Baba, wewe hulishi watu wachache na kuwatazama wengine wakiwa na njaa. Utufundishe kuvuna bila kumaliza. Utupe akili ya kuvumbua na moyo wa kusubiri mpaka wa mwisho ashibe. Uubariki udongo wa Iyula, mifugo yake, na mikono ya mama zetu inayowasha moto kila asubuhi. Wasikose moto, na moto wao usiwaumize. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristu Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Isidori Mkulima, utuombee.